Mgongo Wangu na Shuka la Akinyi

Kama umeketi kwenye benchi hii na unafikiria kuondoka kabla jina lako halijaitwa, soma kwanza karatasi hizi. Mimi ni yule mzee aliyekupa maji ulipoingia. Naitwa Barasa. Nimeona wanaume wengi wa umri wangu wakifika mpaka hapo ulipo, wakiwa wameegemea tako moja kama wewe, wakitazama lile pazia la mlangoni, kisha wakikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingine. Siwalaumu. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wao, na ndiyo sababu nimeandika.

Nilizaliwa upande wa Bungoma. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaja Nairobi kutafuta kazi ya ofisi, nikapata mwiko wa fundi. Sikujuta. Nimejenga na kupiga plasta nyumba ambazo leo siruhusiwi hata kupita getini. Nimekaa Sarang'ombe, Kibera, miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Mke wangu, Mama Wekesa, anauza chapati kando ya njia, na watu hutoka mbali kuzifuata. Nilikuwa na nguvu, na nilipenda watu wajue kwamba nina nguvu. Mfuko wa simiti niliupandisha ghorofani begani huku nikiimba, hata baada ya vijana kuanza kuniita Guka, yaani babu.

Maumivu ya mgongo yalianza polepole. Asubuhi nilishindwa kuinama kuvaa soksi. Nikafanya walivyofanya wengine wa mjengo. Kila asubuhi nilipita duka la dawa, nikanunua tembe zilizochanganywa kwenye kikaratasi, nikazimeza na chai ya rangi kabla ya kula chochote. Saa ya mapumziko nililala kifudifudi juu ya karatasi za simiti, mwenzangu akanipanda mgongoni na kunikanyaga mpaka mifupa ilie. Ilipolia, sote tulishangilia. Niliamini mgongo ni kama bati lililopinda, ukiligonga linanyooka. Niliendelea hivyo miaka mingi, na niliwafundisha wengine. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo sikulifanya kwa mgongo bali kwa mdomo.

Mwanangu Wekesa alioa msichana wa Kiluo anayeitwa Akinyi, wakapanga nyumba Kabiro, huko Kawangware. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi karibu. Kwao Akinyi pia kuna heshima za namna hiyo, kwa hiyo hakushangaa. Lakini mimi nilimsomea sheria hizo siku ya kwanza kana kwamba mimi ni askari wa kaunti na yeye ameweka kibanda mahali pasipofaa. Aliitikia tu, "Sawa, Baba."

Wakati huo alikuwa akisafisha sakafu na kufua mashuka katika kliniki ya Wachina upande wa Kilimani. Mama mmoja wa Kichina, mwenye kliniki, aliona jinsi Akinyi alivyokuwa akisimama mlangoni na ndoo yake akitazama kazi. Akaanza kumfundisha. Alimfundisha kwa muda mrefu, mifupa, misuli na mishipa, mahali pa kubonyeza na mahali pa kuacha, mpaka akampa cheti. Ushirika wetu wa maombi ya nyumbani ulikutana kwa Wekesa Jumapili iliyofuata, na watu wakampongeza Akinyi. Yeye akaleta chai. Aliweka kikombe changu mezani kwa heshima, bila kunikaribia.

Nikakisukuma. Nikasema mbele ya watu wote, "Mikono inayoshinda ikipapasa wanaume wasio na nguo, mimi chai yake sinywi."

Wekesa alisema neno moja tu, "Baba." Akinyi alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akarudi jikoni. Hakulia. Kwa miaka mitatu iliyofuata sikunywa kitu nyumbani kwake, na nilijiona mtu mwenye msimamo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tulikuwa tukipiga plasta ya dari katika jengo moja ng'ambo ya mtaa wa Nyayo Highrise. Kupiga dari ni kuangalia juu siku nzima na mikono iko juu. Saa ya mapumziko nikalala kwenye karatasi zangu. Aliyekuwa akinikanyaga kila siku hakuja kazini, nikamwita jamaa mmoja mnene tuliyemwita Tani.

"Mzee, mimi ni mzito. Nitakuvunja," akasema.

"Panda, wacha maneno. Kanyaga hapo chini."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Na kisigino."

Nilisikia kitu ndani kikiteleza, kama sabuni inavyochoropoka kwenye mkono wenye maji. Halafu moto ukanishuka kutoka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, mpaka kidole cha mwisho. Nilipiga kelele, na wenzangu wakashangilia wakidhani mgongo umelia. Walinyamaza waliponiona siamki. Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, nimelala juu ya karatasi zilezile. Tani alisukuma mwenyewe, akilia njia nzima kama aliyeua.

Nitasema wazi yaliyofuata, kwa sababu wengi tunayaficha. Sikuweza kuketi. Nikikohoa, moto uliwaka upya. Mguu wa kulia ulikufa ganzi. Kandambili ilinitoka mguuni nikiwa kitandani na sikujua. Nikijaribu kuinua kidole gumba kilinitazama tu. Siku nne sikupata choo. Nilimeza tembe mara mbili ya kawaida. Choo kilipokuja kilikuwa cheusi na kinanata kama lami. Mke wangu alikuwa akiniinua kwapani kunipeleka kwenye karai, na kila mara aligeuza uso wake upande wa pili ili nisijue kwamba ameona. Hapo ndipo nilipolia, mbele yake, mara ya kwanza tangu tuoane.

Nilipolala kidogo alitoka nje akampigia Akinyi simu. Nilikuja kujua baadaye. Akinyi alimuuliza kama naweza kuzuia mkojo. Akamuuliza kama nahisi nikijipangusa. Mwisho akamuuliza choo changu ni cha rangi gani. Aliposikia ni cheusi alisema, "Mama, hiyo si ya kukanda. Hiyo ni hospitali, tena leo. Mwambie asimeze tembe hata moja."

Wekesa akaja na gari la rafiki yake, wakanilaza kiti cha nyuma. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alipoona kikaratasi changu cha tembe alitikisa kichwa.

"Mzee, hizi zimekula tumbo lako. Unavuja damu ndani."

Walinilaza siku kadhaa kutibu tumbo, wakanipiga picha ya mgongo. Daktari akanieleza kwamba kati ya mifupa ya uti kuna vitu kama mito midogo. Mto mmoja wa chini umetokeza na kubana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni.

"Nitapasuliwa?"

"Sasa hivi sioni haja. Tunakupa wiki sita. Mguu ukipata nguvu, vizuri. Ukizidi kulegea, tutazungumza habari za kisu. Na mkojo ukianza kukutoka bila kujua, usingoje kesho. Njoo mbio."

Nilimuuliza kama nitapiga plasta tena. Akaniambia, "Kwanza tuone kama utavaa kiatu mwenyewe."

Aliandika mazoezi na akanipa siku za kwenda kunyooshwa viungo hospitalini. Lakini safari ya kurudi nyumbani pekee ilinifanya niume mkanda wa suruali. Nikasema sipandi gari tena. Wiki ya kwanza ikaisha nikiwa nimelala. Kila asubuhi nilitazama kidole gumba changu na kukiamuru kiinuke. Hakikuinuka. Nilijua kinachokwisha pale ni siku, na siku zenyewe zilikuwa na hesabu.

Mke wangu akasema, "Nitamwita Akinyi."

"Mila hairuhusu."

"Ni mila, ama ni ule mdomo wako?"

Niligeukia ukuta. Akasema tena, "Basi atakaa nyuma ya pazia. Yeye ataongea, mimi nitakanda. Mikono yangu si ya mgeni, ama pia hiyo unaiogopa?"

Nyumba yetu ni chumba kimoja, na pazia ndilo linalotenga kitanda na viti, kama nyumba nyingi za kwetu. Akinyi alifika kesho yake kutoka Kawangware baada ya kazi. Nilisikia viatu vyake mlangoni, nikasikia kigoda kikivutwa. Alitaka kwanza kusoma karatasi ya daktari, yote, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Habari ya jioni, Baba." Nilijibu kama mtu anayetoa jiwe kwenye kiatu.

"Haya Mama, tuanze. Mfunike na shuka."

"Nimfunike? Si nataka kumkanda?"

"Unamkanda juu ya shuka. Nimeleta letu la pamba, liko kwenye mfuko. Sisi hatumvui mtu nguo, Mama. Mwalimu wetu alisema mkono ukiteleza kwa mafuta hausikii kitu. Mgonjwa analala na nguo zake, anafunikwa, halafu unatafuta maumivu juu ya kitambaa."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, uso kwenye mto. Nashukuru kwamba uso ulikuwa kwenye mto. Miaka mitatu. Swali moja tu, unafanyaje kazi yako, binti yangu, lingenijibu haya yote. Sikuliuliza. Nilijijibu mwenyewe kwa uchafu uliokuwa kichwani mwangu, nikamwagia yeye.

Mke wangu akatandaza shuka, akauliza kwa furaha, "Kama kusukuma chapati?"

"Hapana Mama, ukisukuma hivyo utammaliza. Kunja ngumi kidogo, tumia mgongo wa mkono. Uviringishe uende na kurudi, bila kuruka. Kama unga unapoanza kushikana."

"Aa, hiyo naijua. Huyu nitamfanya laini mpaka ajisikie mandazi."

"Anza mbali na maumivu. Usiende pale panapouma kama polisi. Nenda kama mgeni, ubishe hodi."

Nilikuwa nikisikiliza wanawake wawili wakiuzungumzia mwili wangu kama mafundi wanavyouzungumzia ukuta wenye nyufa. Ilikuwa aibu, na ilikuwa kazi safi. Fundi anamjua fundi. Akinyi hakuwa akiniona, lakini kila nilipokaza alijua.

"Mama, ameshika pumzi. Punguza."

"Umejuaje?"

"Namsikia. Mwalimu alitufundisha tukiwa tumefumba macho. Alisema mdomo wa mgonjwa unaweza kudanganya, lakini pumzi haijui."

Nyuma ya goti alimwonyesha mke wangu mahali pa kubonyeza kwa dole gumba na kuhesabu polepole. Nilihisi kitu kama maji vuguvugu kikipanda kiunoni, mbali kabisa na kidole kilipokuwa. Sijui Wachina waligunduaje kwamba mlango wa kiuno uko nyuma ya goti. Akinyi aliniambia baadaye kwamba wana njia zao za kuueleza mwili, tofauti na za hospitali, na kwamba yeye huzisikiliza zote mbili. Mimi najua tu kwamba usiku ule nililala saa nne mfululizo, na mke wangu aliniamsha akidhani nimekufa.

Akaja kila jioni. Alileta vikombe vidogo vya plastiki ngumu vyenye pampu, mke wangu akavibandika kwenye misuli ya mgongo huku Akinyi akimwambia wapi na kwa muda gani. Vinavuta nyama juu mpaka uhisi mgongo unavuta hewa. Viliacha miduara ya zambarau. Siku ya pili jirani yetu aliingia kuazima chumvi, akaiona miduara hiyo.

"Mama Wekesa! Umempiga na kikombe?"

"Kikombe kimoja tu. Sahani nimeiweka ya kesho."

Nilicheka, na kucheka hakukuuma. Nikajua kuna kitu kinabadilika. Nikaanza kulala ubavu, nikaanza kwenda chooni nikishika ukuta. Lakini mguu ulibaki na ganzi, na kidole gumba kilibaki vilevile. Wiki ya tatu ikaingia. Vidole vya mke wangu vilivimba. Asubuhi alisukuma chapati akiuma meno, na mimi nilijifanya sioni.

Siku ya kumi na moja ya kukandwa, Akinyi alimwongoza mke wangu kwenye tako, mahali penye nyama nene.

"Ndani kabisa, Mama. Tafuta kitu kama njugu chini ya zulia."

"Siipati. Hapa ni nyama tupu."

"Tumia kiwiko. Sogea upande wa nyonga. Umeipata?"

"Akinyi, mwanangu, mimi sisikii njugu. Nasikia mzee tu."

Kisha Akinyi akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Mama. Hapo siwezi kukufikisha kwa maneno."

Nikaona vidole vyake vinne kwenye ukingo wa pazia. Vilishika kitambaa. Pazia halikufunguka. Akaliachilia, akavaa viatu, akatuaga.

Ndugu yangu msomaji, aliweza kuvuta lile pazia. Nilikuwa nimelala, nisingeweza kumkimbia. Lakini mimi ndiye niliyeweka mpaka, naye akaulinda kuliko mimi nilivyostahili. Nilikaa macho nikiwaza. Niligundua kwamba nilikuwa tayari kupoteza mguu kuliko kusema maneno matatu: nisamehe, binti yangu.

Kulipokucha nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, aliyebaki nyumbani Bungoma. Yeye ndiye anayejua mila kwetu. Nilimweleza yote, hata habari ya chai.

"Barasa," akasema, "mpaka uliwekwa ili umheshimu huyo mtoto. Wewe ukautumia kumtukana."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingengoja mguu ukufundishe. Mpe kuku, umwombe msamaha palepale ulipomtukania, mbele ya walewale. Halafu akukande juu ya hilo shuka lake. Kama kuna mzee atalalamika, anipigie mimi."

Sikuweza kwenda Kabiro, kwa hiyo niliomba ushirika uje kwangu. Walikuja walewale karibu wote, wakajibana, wengine wakasimama mlangoni. Kuku nilikuwa nimemfunga kwenye mguu wa kitanda, naye akaanza kwa kuchafua viatu vya Wekesa. Nilizungumza nikiwa nimelala ubavu, kwa sababu kuketi bado kulinishinda. Nilisema niliyoyasema siku ile, neno kwa neno, ili asiwepo wa kudai kwamba amesahau. Nikasema yalikuwa uongo, kwamba sikuwahi kuuliza kazi yake ni nini, na kwamba nilijificha nyuma ya mila ili nisionekane mjinga.

Kuna mama mmoja katika ushirika wetu, Mama Rebeka, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfunga mdomo. Akasema, "Barasa, subiri kwanza. Unaomba msamaha ama unaomba kukandwa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikaona ni swali la haki.

"Vyote viwili," nikasema. "Lakini akikataa la pili, la kwanza bado nitaliomba."

Wote wakamtazama Akinyi. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono nyuma. Kisha akasema, "Baba, maneno yako nilikuwa nayo kila siku nikienda kazini. Sitasema hayakuuma. Leo nimeyaweka chini." Akafungua mfuko wake, akatoa shuka. "Sasa lala kifudifudi. Hawa wengine watoke, kazi haifanywi mbele ya mkutano. Mama abaki."

Mke wangu ndiye aliyevuta pazia.

Alinifunika kutoka shingoni mpaka miguuni. Hakugusa ngozi yangu hata mara moja, siku ile wala siku nyingine yoyote. Vikombe aliendelea kumwachia mke wangu. Aliweka kiganja kiunoni juu ya shuka, akakiacha pale bila kufanya lolote, mpaka pumzi yangu ikatulia. Halafu akateremka kwa kiwiko, polepole sana, akaipata ile njugu mara moja. Nilihisi maumivu yaleyale ya siku ya Tani, mguu mzima mpaka kidoleni.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Usipigane nayo. Toa pumzi."

Hakusukuma. Alingoja. Sijawahi kumwona mtu akingoja kwa nguvu namna ile. Nilitoka jasho mpaka mto ukalowa. Kisha kile kitu kikalegea chini ya kiwiko chake, kidogo kidogo, na joto likateremka mguuni kama mtu amefungua bomba. Unyayo ukaanza kuwasha. Nilifurahia ule muwasho kuliko chakula.

Kidole gumba hakikuinuka siku ile. Nisikudanganye. Kiliinuka siku ya sita baada ya hapo, asubuhi, kwa urefu wa punje ya mahindi. Nilimwita mke wangu kwa kelele, akaja na unga mikononi, tukakitazama wote wawili kama watu wanaotazama mtoto akisimama. Akinyi alinipa mazoezi yale ya daktari kila siku, na alipoona nayakwepa alivuta kigoda akaketi mpaka nikayafanya.

Wiki ya sita Wekesa alinirudisha hospitalini, nikiwa nimeketi kwenye gari. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akaniambia nitembee kwa visigino. Unyayo wa kulia uliinuka, kwa uvivu, lakini uliinuka.

"Kisu tukiweke kando," akasema. "Nani amekuwa akikufanyia mazoezi?"

"Binti yangu," nikajibu. Wekesa aliangalia dirishani.

Baadaye Akinyi alinipeleka kumwona mwalimu wake. Ni mama mdogo wa mwili, mwenye mvi, na mikono mikubwa kuliko ya kwangu. Alinishika kifundo cha mkono kupima mapigo, akaniambia nitoe ulimi, akautazama kama foromani anavyotazama kazi mbaya.

"Mzee, wewe hasira mingi," akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi.

"Ilikuwa mingi zaidi," nikamwambia.

Akacheka, akamwonyesha Akinyi kwa kidevu. "Huyu, mkono yake inasikia. Mimi nafundisha watu wengi. Kusikia, hiyo siwezi fundisha."

Sasa ni zaidi ya mwaka. Akinyi amefungua chumba hiki hapa Kabiro, na mimi, kwa kuwa sibebi simiti tena, nashika mlango na kugawa maji. Unyayo wangu bado hujikwaa nikichoka. Sikupona kwa muujiza, na sitakuambia kwamba mikono inatibu kila kitu. Hospitali iliokoa tumbo langu, mazoezi yaliimarisha mguu, na Akinyi aliyafanya hayo yote yawezekane kwa kunitoa kwenye maumivu yaliyokuwa yamenifunga. Ukiingia atakuuliza maswali mengi kabla ya kukugusa. Mjibu kweli, hata habari za mkojo na choo. Akikuambia uende hospitali kwanza, nenda, hakufukuzi. Na kama wewe ni wa mjengo, tafadhali usimruhusu mtu akupande mgongoni. Tembe nazo zina daktari wake. Nilikuwa nikiwafundisha watu mambo hayo mawili, na sijui ni migongo mingapi niliyoiharibu. Wakipita hapa huwa nawaomba radhi mmoja mmoja. Tani nimemwomba mara tatu, naye bado hulia.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mke wangu ambaye vidole vyake vimepona na chapati zake zimerudi kuwa laini. Namshukuru mama wa Kichina aliyeona kitu kwa msichana aliyeshika ndoo, kitu ambacho mimi baba mkwe wake sikukiona kwa miaka mitatu.

Jina lako likiitwa, ingia. Hutavuliwa nguo. Shuka ni safi, Akinyi hulifua mwenyewe, nami ndiye ninayelianika. Akimaliza atakuletea chai. Pokea ikiwa bado ya moto. Mimi yangu ilipoa miaka mitatu mezani.